Siku Moja Kwenye Nguzo za Isimila: Mtoko Uliotufungua Midomo

Sijui kwenu, lakini kwetu neno "mtoko" lilikuwa na maana moja tu kwa miaka mingi: nyama choma, vinywaji, muziki juu, halafu kurudi nyumbani saa sita usiku mmeshiba lakini hamjaongea. Na utaongea nini mbele ya spika mbili zilizosimama kama milango?

Ndiyo maana mwezi huu nakuletea mtoko wa aina nyingine kabisa. Ni wa mchana kutwa, wa kutembea kwa miguu, mkiwa watu wachache na mwenyeji anayewaongoza, na kazi yenu kubwa ni kuangalia mawe. Ndiyo, mawe! Usicheke bado. Mume wangu naye alicheka.

Tulikuwa Iringa mwezi wa sita kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Nikwambie ukweli, hali ya nyumbani kwetu ilikuwa imepoa. Hatukuwa tumegombana; ingekuwa ugomvi ningejua pa kuanzia. Ilikuwa ni "gesi imeisha", "ada mwisho Ijumaa", "umefunga geti?" Basi. Watu wawili wanaishi kama wapangaji wanaoheshimiana.

Harusi ilipoisha, wifi yangu akatuambia kuna kijana anapeleka watu Isimila na nafasi mbili zimebaki kwenye gari. Baba watoto akamwangalia kama mtu aliyetukanwa. "Yaani nimetoka Dar kilometa karibu mia tano nije kuangalia mawe?" Nikamwambia mimi nakwenda, yeye abaki amelala. Asubuhi nikamkuta amevaa raba.

Watu sita, gari moja

Kiongozi wetu hachukui zaidi ya watu wanane kwa siku. Siku hiyo tulikuwa sita ndani ya Noah: sisi wawili, wachumba waliokuwa wanatarajia kuoana mwisho wa mwaka, na mwalimu mstaafu, mama wa makamo, aliyekuja na mjukuu wake wa sekondari. "Kamwene," kijana akatusalimia Kihehe, na hakuwasha gari mpaka kila mtu ameitikia vizuri.

Faida ya kuwa wachache utaiona mapema. Mwongozaji hapigi kelele, anaongea. Mtu akitaka kuuliza, anauliza. Mwenye magoti mabovu anasubiriwa. Na mkiwa na wageni wengine wanne ndani ya gari, hata nyie mliokaushiana mnajikuta mnacheka kitu kimoja. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amekuja na viatu vya mchuchumio. Mwalimu alivitazama, akafungua mfuko wake, akatoa kandambili na kumpa bila kusema neno. Gari zima tukafa kwa kicheko.

Tuliteremka kutoka mjini hadi Ipogolo, tukashika barabara kuu ya kwenda Mbeya. Isimila iko kama kilometa 20 tu kutoka Iringa. Tulipokata kona kuingia njia ya vumbi, mume wangu akageuka nyuma kuangalia bango. "Nimepita hapa na safari za kazi sijui mara ngapi," alisema. "Sijawahi kuliona hili bango." Nikamjibu kuwa kuna vitu vingi anavipita. Mwalimu akakohoa kidogo.

Shoka mkononi

Kituo kina jengo dogo la makumbusho, na hapo ndipo tulipoanzia. Kumbe mahali hapa panajulikana duniani! Mwaka 1951 mgeni kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia aliona mawe yaliyochongwa yametapakaa korongoni. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na F. Clark Howell kutoka Marekani wakaja kuchimba. Wakakuta zana za mawe kwa wingi mno: mashoka ya mkono, visu vipana vya kukatia, vikwangulio, nyundo. Vipimo vya kitaalamu vilionyesha umri unaokaribia miaka 260,000.

Soma tena hiyo namba. Kabla ya jembe, kabla ya chungu, kabla ya chuma, kuna watu walikaa hapo Iringa wanachonga jiwe upande huu na upande huu mpaka linakaa mkononi sawasawa.

Enzi hizo, kijana alitueleza, hapa palikuwa na maji ya kina kifupi, ziwa dogo lililokuwa likijaa na kupungua. Wanyama walikuja kunywa, watu wakaja kuwawinda. Imepatikana mifupa ya tembo, ya nguruwe wa kale, na ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani. Macho ya kiboko huyo yalikuwa yamechomoza juu sana ya kichwa, ili azame mwili mzima abaki anachungulia tu. "Kama jirani yetu," mjukuu akasema.

Korongoni, chini ya banda, zana nyingi zimeachwa palepale zilipokutwa. Kijana aliokota shoka moja la mkono, akampa mume wangu. Baba watoto, ambaye nyumbani habadilishi hata balbu mpaka aombwe mara tatu, alilishika lile jiwe, akaligeuza, akatafuta mahali kidole gumba kinapokaa. Akapapata. Akaniita. "Hebu weka mkono hapa." Nikaweka. Kweli, kidole kinaingia kama kimepimwa. Ilikuwa muda mrefu sana tangu aniite nione kitu.

Nguzo zenyewe

Kutoka hapo mnatembea kidogo kisha mnashuka kwenye korongo lenye nguzo. Hapa wachangamfu wote walinyamaza. Fikiria msitu, lakini badala ya miti ni minara ya udongo mgumu na mawe ya mchanga, ya rangi ya maziwa, ya kahawia na ya wekundu wa tofali, mingine mirefu kuliko nyumba ya ghorofa. Mnapita katikati yake kwenye njia ya mchanga, na juu mnaona kipande cha anga tu.

Nani aliijenga? Maji. Lile ziwa la zamani liliacha tope, mchanga na changarawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka vikashikamana. Baadaye sana kijito cha msimu kikaanza kukata. Mvua ikaosha sehemu laini na kuziacha ngumu zimesimama. Pale tabaka gumu lilipokaa juu ya laini, likawa kama mwavuli: chini yake nguzo inabaki, pembeni yake kila kitu kinaondoka. Siku mwavuli ukianguka, nguzo nayo haina maisha marefu. "Kwa hiyo haya mawe yanaisha?" mjukuu akauliza. Kijana akajibu kuwa kila masika yanapungua kidogo. Maji yaliyoyajenga ndiyo yatakayoyamaliza.

Hapo ndipo bwana harusi mtarajiwa alipotoa funguo mfukoni. Alikuwa ameona majina yaliyochorwa na watu waliotangulia, naye akataka kuweka la kwake na la mchumba wake ndani ya moyo. Kijana hakupandisha sauti. "Kaka, naomba usichore. Ukichokonoa hapa, mvua inapata pa kuingilia." Jamaa akabaki na funguo hewani. Mwalimu akamwokoa: "Mwanangu, muandike cheti cha ndoa. Kile hakioshwi na mvua." Binti akacheka mpaka kandambili ikamvuka, na funguo zikarudi mfukoni.

Tulikula kivulini: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, chai ya tangawizi kwenye chupa. Hakuna aliyeulizia nyama choma.

Jiwe linaloongea

Jioni tulirudi mjini na kumalizia Gangilonga, jiwe kubwa lililoinama juu ya mji. Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, alikuwa akija hapa kutafakari. Kupanda si kazi kubwa ukiwa na viatu sahihi. Mwalimu alibaki chini na mjukuu wake kwa sababu ya magoti. Wachumba wakaenda ukingoni kupigana picha. Sisi tukakaa katikati ya jiwe, likiwa bado na joto la mchana, tukiangalia mabati ya mji yanavyobadilika rangi.

Mume wangu akasema, bila kuniangalia, "Kile kiwanja nimeshakiuza."

Msomaji wangu, kiwanja hicho tulikinunua wote. Pesa yangu ya upatu na mshahara wake. Kumbe alikopa kuingia biashara ya mazao na mwenzake, biashara ikafa, deni likabaki, akauza kiwanja kuzima moto. Miezi minne alikuwa anajua. Miezi minne mimi nilikuwa namwagilia miche ya maua kwenye makopo nyuma ya nyumba, nikisubiri kuihamishia huko.

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikaa kimya mpaka jua likagusa milima. Kisha nikamwambia, "Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Niliogopa sura yako ukishajua."

"Basi iangalie."

Akaniangalia. Ilikuwa sura mbaya, naijua. Lakini hakuiepuka, na mimi sikuinuka kuondoka. Ningeinuka niende wapi, juu ya jiwe, na watu wanne wanatusubiri kwenye gari? Jiwe halikuongea jioni ile. Aliyeongea ni mume wangu.

Kesho yake ndani ya basi tulichukua kadi ya mchango wa harusi, tukaandika nyuma yake deni lililobaki na mshahara wa kila mmoja. Hasira ilikuwepo, na mpaka leo ikija naisema. Ila siku hizi najua ninachokasirikia. Kimya kile cha wapangaji wawili sikitaki tena.

Kwa nini mawe?

Nimejiuliza sana. Nyumbani, ukimwambia mwanaume "kaa tuongee", anajua anakwenda mahakamani. Lakini mkitembea bega kwa bega, macho yote mawili yakiwa kwenye kitu kingine, maneno yanatoka yenyewe. Nyie mna siku nzima, na hakuna televisheni wala mgeni atakayebisha hodi. Na sidhani kama mtu anaweza kushika shoka la miaka 260,000 halafu akaendelea kuona siri ya miezi minne ni kubwa kuliko yeye.

Sisemi kwamba nguzo za Isimila zinatibu ndoa. Kama kuna kipigo au usaliti, tafuta wazee, kiongozi wa dini au mshauri. Nasema tu kwamba mtoko mzuri ni ule unaowapa nafasi ya kusikiana.

Ukitaka kujaribu

Uliza bei mapema. Usafiri, kiingilio, malipo ya mwongozaji na chakula vimo ndani au kila mtu anajilipia? Mkiwa wengi kidogo, gharama ya gari inagawanyika.

Uliza idadi. Sita hadi wanane panatosha. Basi zima la watu ni harusi nyingine.

Chagua msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu. Wakati wa mvua korongo linateleza na kijito kinaweza kujaa. Juni na Julai Iringa ina baridi kweli, beba sweta.

Viatu. Raba au viatu vya kufunga. Kofia na maji pia, kwani mchana jua linachoma.

Usichore, usipande nguzo, usiondoke na jiwe. Hata dogo. Liache walione wajukuu zako.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Kalenga ukaone makumbusho ya Mkwawa, ambako fuvu lake linatunzwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Huko uliko pia kuna mawe. Kondoa kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanza wana Jiwe la Bismarck ndani ya ziwa. Wenzetu wa Kenya wana korongo la Marafa, bara ya Malindi, ambalo wenyeji wanaliita Nyari, na Kit Mikayi karibu na Kisumu. Tafuta mwenyeji anayepajua, chukua mtu wako, nendeni.

Ile miche yangu? Bado iko kwenye makopo. Jumamosi iliyopita nilimkuta baba watoto anaimwagilia, na sikuwa nimemwomba hata mara moja.