Damu ya mtoto, lawama ya mama

Herufi mbili, SS, zikishaandikwa kwenye karatasi ya maabara, kazi ya daktari wa Bukavu haijaisha. Huwageukia waliomleta mtoto: baba apimwe, mama apimwe, ndugu zake nao wapimwe. Hapo hofu hubadilika. Maumivu ya mifupa ya mtoto wameyazoea. Kutoa damu yao wenyewe ni kama kuitwa barazani kujibu mashtaka.

Kwa hesabu ya urithi, kesi hii haina mshtakiwa mmoja. Drepanositozi ya SS, yaani selimundu, hutokea mtoto anapopokea jeni ya S kwa baba na nyingine kwa mama, ambao kwa kawaida ni AS, yaani wana jeni moja tu ya S, wazima, hawajui lolote. Katika kila mimba yao, uwezekano wa kupata mtoto SS ni 1 kati ya 4. Kolesteroli ya juu ya kurithi huenda kwa njia nyingine: jeni ya mzazi mmoja yatosha, na upande wa ukoo wenye ugonjwa hujulikana. Hapa pande zote mbili zimo.

Nyumbani hesabu hiyo hupinda. Vicki Marsh na wenzake, waliozungumza na familia za Kilifi, pwani ya Kenya, walieleza mwaka 2011 jinsi lawama zilivyowaangukia akina mama, na jinsi baadhi ya waume walivyotilia shaka kama mtoto ni wao. Anayeijua Kadutu ya Bukavu hahitaji kuchorewa picha: mama mkwe anauliza ukoo wa bibi una nini, jirani anataja uchawi, na baba anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Kumbe kipimo anachokikimbia ndicho kingeweza kumtetea mkewe. Akitoka AS, lawama ya mke peke yake imekwisha. Akitoka AA, yaani bila jeni ya S, mshauri mwenye busara hafungui kinywa kabla ya kurudia kipimo: maabara hukosea, aliyeongezewa damu karibuni huonyesha damu ya mwingine, na mwenye jeni ya talasemia anaweza kusomeka AA.

Ndugu wakubwa wanawaza ndoa, na wapo wanaoona heri kutojua. Wangepaswa kuambiwa mapema kwamba AS si ugonjwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba huwakinga watu dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imejaa mabondeni: uchunguzi wa Uganda wa sampuli 97,631 za watoto, uliochapishwa mwaka 2016, uliikuta kwa asilimia 13.3, lakini kwa uchache zaidi katika nyanda za juu za kusini-magharibi. Bukavu nayo iko juu, mita zipatazo 1,500. Hata hivyo vita na biashara vimeleta humo familia za Shabunda, Fizi na bonde la Ruzizi, na anwani ya leo haisemi jeni ilikotoka. Kinshasa, Léon Tshilolo na wenzake walipopima watoto wachanga 31,204, karibu asilimia 17 walikuwa AS.

Tshilolo huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioongoza jaribio la dawa ya hidroksiyurea kwa watoto wenye SS, lililofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Wakati watu wazima wakibishana, mwenye haraka zaidi ni mdogo wa mgonjwa aliye bado mgongoni: akigundulika SS kabla vidole havijavimba, anaanza penisilini ya kila siku na kuendelea nayo hadi miaka 5.