Burudani na Tabia Zetu (3): Mkwaju, Tunu na Wasikilizaji Wao

Wiki iliyopita tulimtazama mtoto anayeiga akionacho. Leo ni zamu ya mtu mzima, ambaye hudhani kwamba kwake burudani huingia sikio hili na kutokea la pili.

Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mhusika aliyevuma zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila anakolaza gari. Nyumbani mkewe Tunu akihangaika na watoto. Wasikilizaji waliishi nao kwa miezi mingi, hata wakamsikia Tunu akiamua kujitegemea, na Mkwaju akidhoofika hadi UKIMWI ukamuua.

Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo hadi 1995. Kilikuwa na vipindi vyake. Basi watafiti, wakiwemo Everett Rogers na Peter Vaughan, wakapata pa kulinganishia. Kwingineko matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mchezo ulipofika Dodoma, na huko yakapanda.

Hotuba za afya zilikuwepo siku zote. Mchezo ulikuwa na nini cha ziada? Ulikuwa na Tunu. Miguel Sabido wa Mexico, aliyebuni mtindo huu miaka ya 1970, aliwagawa wahusika mafungu matatu: wema, waovu, na wale wanaoyumba katikati. Hao wa katikati ndio wenye nguvu, maana msikilizaji anajiona ndani yao. Tunu anavumilia, anaogopa, anajaribu, anarudi nyuma, anajaribu tena. Anayemfuata mwaka mzima amekwisha kuifanyia mazoezi hatua ile moyoni kabla haijamfika.

Mlango huohuo unapitisha na mengine. Tamthilia ambayo tapeli anatajirika, anapendwa, wala hatumwoni hata mmoja wa aliowatapeli, haimwambii mtu aibe. Inamzoesha tu kuishi na wizi usio na maumivu. Hili linanitia hofu kuliko matusi.

Ndiyo maana mzazi anayekagua filamu akitafuta utupu na lugha chafu peke yake amefanya nusu ya kazi. Aulize pia: humu ndani uovu unamgharimu nani, na je, mwanangu anamwona huyo anayelipa? Wiki ijayo tutalipeleka swali hilo kwenye muziki.