Maji ya Mtoto (Sehemu ya Tatu): Kutoka Chemchemi Hadi Kikombe

Wiki iliyopita tuliangalia maji ya Maseno yanatoka wapi: chemchemi za vilimani, visima, na mvua tunayoikinga mabatini. Leo tumfikie mnywaji mdogo kuliko wote.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji maji. Neno hili ni gumu kwa bibi aliyelea watoto na wajukuu akiwapa maji tangu wiki ya kwanza, hasa Februari jua linapochoma. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na mtoto akiona kiu hunyonya zaidi. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, maziwa yanakosa nafasi, na titi lisilonyonywa hupunguza kutoa. Maji yakizidi huzimua chumvi ya damuni, mtoto akapatwa na degedege. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba takriban watoto 60 kati ya 100 wa umri huo hunyonya tu bila kupewa kitu kingine. Wale 40 waliobaki ndio wanaonitia wasiwasi.

Akitimiza miezi 6, maji huingia pamoja na uji, na hapo ndipo kazi huanza. Huko Busia watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2019, walipima chemchemi zilizojengewa saruji. Uchafu wa kinyesi pale zinapobubujika ulipungua kwa takriban theluthi mbili. Walipoyapima maji nyumbani, nafuu ilikuwa ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Kati ya chemchemi na kinywa kuna mikono, mitungi michafu, na kikombe kinachochovywa ndani na kila apitaye.

Wengi hutia klorini, na wanafanya vyema, maana inaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa mtoto wa umri huu, hata hivyo, ningechemsha. Utafiti mkubwa wa nchi 7, uliohusisha pia jirani zetu wa Siaya kati ya 2007 na 2011, ulikuta kimelea kiitwacho Cryptosporidium kikishika nafasi ya pili, baada ya virusi vya rota, kwa kuwaharisha vibaya watoto wa chini ya mwaka 1. Ganda lake hustahimili klorini. Moto haliuwezi.

Basi maji yatokote kabisa kwa dakika 1, yapoe katika sufuria ileile ikiwa imefunikwa, kisha yamiminwe katika chombo safi chenye mdomo mwembamba au bomba. Wafinyanzi wa Nyanza hutengeneza mitungi ya udongo ya namna hiyo, na maji hukaa baridi ndani yake. Mnyweshe kwa kikombe cha wazi. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafisha.

Ndugu zetu wa ufukweni, ziwa likitandwa na utando wa kijani wa mwani msiteke hapo. Sumu ya mwani huo haiondoki kwa kuchemsha.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, mpe ORS iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa, na zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au anashindwa kunywa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kupambazuke.