Polifili za vijenzi vya wavuti

Polifili ni kipande cha msimbo, kwa kawaida cha JavaScript, kinachokipa kivinjari cha zamani uwezo ambao vivinjari vipya tayari vinao. Polifili za vijenzi vya wavuti huwezesha ukurasa uliojengwa kwa elementi zilizobuniwa na msanidi mwenyewe kufanya kazi hata katika kivinjari kisichokuwa na utaratibu wa kuziunda. Namna polifili hizo zinavyopakiwa na kufungashwa ndiyo huamua kama ukurasa utafunguka haraka, utachelewa, au utabaki mweupe.

Asili ya jina

Jina hilo lilibuniwa mwaka 2009 na Remy Sharp, msanidi wa wavuti wa Uingereza. Alilitoa kwenye Polyfilla, chapa ya lipu ya kuzibia nyufa na matundu ya ukutani inayojulikana sana nchini humo. Lipu ikishakauka na kupakwa rangi, ukuta huonekana mmoja. Vivyo hivyo msanidi huandika msimbo wake kana kwamba vivinjari vyote viko sawa. Polifili iliyoandikwa vizuri hukagua kwanza kama tundu lipo. Kivinjari kikiwa na uwezo unaotakiwa, haiingilii kati.

Vijenzi vya wavuti

Wazo la vijenzi vya wavuti lilitambulishwa na Alex Russell mwaka 2011. Limesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni elementi maalumu: msanidi anaweza kutunga lebo yake, kwa mfano <kadi-mwanafunzi>, na kuieleza kwa JavaScript jinsi itakavyofanya kazi. Jina lazima liwe na kistari ili lisigongane na lebo za kawaida za HTML. Ya pili ni DOM ya kivuli, ambayo hufungia muundo na mitindo ya kijenzi ndani yake, ili CSS ya ukurasa isiiharibu wala kuharibiwa nayo. Ya tatu ni kiolezo, yaani HTML inayowekwa akiba bila kuonyeshwa mpaka iitwe. Ilikuwapo pia nguzo ya nne, HTML Imports, lakini Mozilla ilikataa kuitekeleza, na mwaka 2020 Chrome nayo ikaiondoa. Kazi yake sasa hufanywa na moduli za JavaScript.

Vivinjari havikuanza kwa pamoja. Chrome ilitangulia mwaka 2014 kwa toleo la awali lililoitwa v0, kabla watengenezaji wengine hawajakubaliana nalo. Toleo lililokubaliwa, v1, lilianza kuingia Safari mwaka 2016, likafika Firefox Oktoba 2018, kisha Edge Januari 2020 ilipohamia msingi wa Chromium. Internet Explorer 11 haikulipata kabisa hadi Microsoft ilipoistaafisha Juni 2022. Kwa miaka hiyo yote, tovuti iliyotaka kuwafikia watu wote ilihitaji polifili.

Mpangilio wa upakiaji

Mkusanyiko uliotumika zaidi huitwa webcomponentsjs. Unatoa njia mbili. Njia ya kwanza ni faili webcomponents-bundle.js, ambalo ni bunda lenye polifili zote. Ni rahisi kutumia, lakini kila mgeni hupakua kila kitu, hata mwenye kivinjari kipya asiyehitaji chochote, na gharama hiyo hukatwa kwenye bando lake. Njia ya pili ni webcomponents-loader.js, faili dogo linalopima kivinjari, kisha kuagiza kutoka kwenye seva kile tu kinachokosekana.

Njia ya pili ni nafuu, ila ina mtego. Kwa kuwa polifili huletwa baadaye, msimbo wa vijenzi unaweza kuzitangulia. Hapo kivinjari cha zamani hukutana na amri customElements.define kisichoijua, hati hukatika kwa kosa, na lebo za msanidi hubaki matupu ukurasani. Ndiyo maana kipakiaji hutoa tukio linaloitwa WebComponentsReady; sehemu za ukurasa zinazotegemea vijenzi husubiri tukio hilo.

Mtego mwingine unahusu klasi. Vivinjari vya zamani havielewi klasi za JavaScript, hivyo wasanidi huzigeuza kuwa funksheni za kawaida za mtindo wa ES5. Lakini kivinjari kipya hukataa elementi maalumu isiyoundwa kwa klasi halisi. Msimbo uliorekebishwa kwa ajili ya wakongwe basi huwakwama vijana. Dawa yake ni faili lingine dogo, custom-elements-es5-adapter.js, au kutengeneza mabunda mawili: moja lenye alama type="module", ambalo vivinjari vya zamani hulipuuza, na jingine lenye alama nomodule, ambalo vipya hulipuuza.

Kufungasha

Vifaa kama webpack na Rollup hukusanya moduli nyingi kuwa faili moja au machache, ili kivinjari kisiombe seva mara kwa mara. Kwa vijenzi vya wavuti, tatizo ni marudio. Jina moja la elementi haliwezi kusajiliwa mara mbili. Mabunda mawili yakibeba nakala ya kijenzi kilekile, usajili wa pili hutoa kosa. Kwa sababu hiyo maktaba ya vijenzi haifai kubeba polifili wala nakala za vijenzi vya wengine ndani yake. Uamuzi huo ni wa mwenye ukurasa, kwa kuwa ndiye anayewajua wageni wake.

Gharama

Elementi maalumu ni rahisi kuigiza. DOM ya kivuli ni ngumu. Polifili yake, ShadyDOM, hubadilisha amri za msingi za kivinjari za kuongeza na kusoma elementi, na mwenzake ShadyCSS huandika upya kanuni za CSS kwa kuzipachika majina ya ziada. Kazi hiyo hula muda, na bado ukuta unaopatikana si kamili: mitindo ya ukurasa inaweza kupenya ndani.

Mfano unaotajwa sana ni YouTube. Muundo wake mpya wa mwaka 2017 ulitumia maktaba ya Polymer pamoja na DOM ya kivuli ya v0, iliyokuwa ndani ya Chrome pekee. Julai 2018 Chris Peterson wa Mozilla alisema hadharani kwamba kurasa za YouTube zilifunguka mara tano polepole zaidi katika Firefox na Edge, kwa kuwa vivinjari hivyo vililazimika kutegemea polifili.

Usalama

Polifili huendeshwa kwa mamlaka yote ya ukurasa, hivyo anayeimiliki seva yake anaweza kubadili chochote. Polyfill.io, huduma ya polifili za aina nyingi iliyoanzishwa na Andrew Betts alipokuwa Financial Times, ilinunuliwa Februari 2024 na kampuni ya Funnull. Betts alizishauri tovuti kuiondoa mara moja. Juni mwaka huohuo kampuni ya usalama Sansec iliripoti kwamba msimbo uliotolewa hapo uliwapeleka baadhi ya watumiaji wa simu kwenye tovuti za kubashiri, na kwamba tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiutumia. Namecheap ilisimamisha jina la kikoa hicho, na Cloudflare ikaelekeza viungo kwenye nakala yake salama. Faili linalohifadhiwa kwenye seva ya tovuti yenyewe haliwezi kubadilishwa kwa namna hiyo.

Hali ya sasa

Vivinjari vikuu vyote sasa vina elementi maalumu, DOM ya kivuli na violezo. Pengo moja limebaki: Safari imekataa elementi maalumu zinazorithi lebo zilizopo, kama kitufe, kwa sifa ya is. Anayeitumia sifa hiyo bado anahitaji polifili.