Je, Wajua? Bastola ya Kwanza Huanzia Kwenye Faili

Je, wajua kwamba mkazi wa Sironga, kaunti ya Nyamira, akitaka bastola ya kujilinda, kitu cha mwisho atakachochagua ni bastola yenyewe? Kwanza huchaguliwa yeye. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, iliyoanza enzi za mkoloni katika miaka ya 1950, inamkataza raia kununua au kumiliki silaha bila cheti. Na cheti hakitoki mpaka wenye mamlaka waridhike kwamba mwombaji ana sababu ya maana. "Naogopa wezi" ni jibu la kila mtu kuanzia Keroka hadi Kisumu, kwa hiyo halimtenganishi mwombaji na jirani yake. Aliyetishwa akaenda kituoni, akaandikisha ripoti na kupewa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio, huyo ana karatasi ya kuweka mezani.

Sheria hiyo pia inataja watu wasiofaa kukabidhiwa silaha, na mlevi amewekwa bega kwa bega na mtu asiye na akili timamu. Aliyeandika kifungu hicho alijua wanadamu. Hata baada ya kupata cheti, kifungu cha 33 kinakungoja: kulewa au kufanya fujo ukiwa umebeba silaha ni kosa peke yake, hata kama hukumpiga mtu risasi. Kwa hiyo jirani anayejua unavyorudi nyumbani Ijumaa usiku ana ushahidi mzito kuliko fomu yote uliyojaza.

Safari ya faili ni ndefu. Kuna alama za vidole na cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, DCI, ambacho ada yake ya kawaida ni shilingi 1,050. Kuna uchunguzi wa afya, akili ikiwemo, na kuna kuthibitisha kwamba unajua kulenga shabaha. Polisi wa eneo lako wanasema wanavyokujua, kisha faili inapanda hadi kwa Bodi ya Leseni za Silaha jijini Nairobi. Ukikubaliwa, cheti hakisemi tu kwamba fulani bin fulani anaruhusiwa kuwa na bunduki. Kinataja ni silaha gani, tena kinaweka kiwango cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho. Anayezoea kununua vitu kwa jumla hapa itabidi azoee mambo mengine.

Je, wajua kwamba mtikisiko mkubwa zaidi wa wamiliki wa bastola Kenya katika miaka ya karibuni ulianzishwa na mwana wa Nyamira? Desemba 2018, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru kila raia mwenye silaha halali ajitokeze kuhakikiwa upya, akatoa siku 90. Waheshimiwa waliozoea kupunga mkono wakapita walijikuta kwenye foleni na makaratasi yao kwapani. Tangu hapo serikali imekuwa ikihamia kwenye kadi za kielektroniki badala ya vile vijitabu vya zamani, ambavyo kuvighushi hakukuhitaji fundi mkubwa.

Haya, tuseme faili imepita. Sasa ndipo swali la bastola gani linapokuja, na hapa wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huanza vibaya kwa kupenda kibastola kidogo kuliko vyote. Inaonekana ni busara: kama ni ya kufichwa, si ndogo ndiyo bora? Shida ni kwamba ukipunguza uzito wa bastola na kuacha risasi ileile, msukumo wote unarudi mkononi mwako. Mtutu mfupi nao unazisogeza karibu alama mbili za kulengea zilizo juu yake, ile ya mbele na ile ya nyuma, kiasi kwamba kosa dogo la kiganja linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi ya shabaha. Vibastola vya mfukoni ni vya mtu aliyekwisha kujifunza. Kwa mwanafunzi ni adhabu: baada ya risasi chache kiganja kinauma, anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi.

Risasi yenyewe haina ubishi mwingi. Ile ya milimita 9 iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo inayotumika katika bastola nyingi duniani leo, zikiwemo za polisi wetu. Ceska, jina ambalo Mkenya yeyote asomaye habari za mahakamani amelikuta mara nyingi, ni kazi ya kiwanda cha Kicheki. Aina yake maarufu, CZ 75, ilitoka mwaka 1975, ni ya chuma, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo moja hivi, kama pakiti nzima ya sukari inayoning'inia kwenye mshipi kutwa. Uzito huo ni rafiki wakati wa kufyatua na adui wakati wa kutembea. Glock 19 ya Austria ina fremu ya plastiki ngumu, inabeba risasi 15 kwenye magazini, na ikiwa tupu haivuki sana gramu 600. Gaston Glock aliyeianzisha kampuni hiyo hakuwa fundi wa bunduki. Kabla ya kushinda zabuni ya jeshi la Austria mwaka 1982, kampuni yake ilijulikana kwa vitu kama visu na vyuma vya mapazia. Wale waliokuwa wakitengeneza bastola kwa vizazi kadhaa hawakucheka walipoona zabuni imemwendea nani.

Na rivolva ya kizamani, yenye silinda ya risasi tano au sita? Wajuzi wengine huidharau. Mimi siidharau. Haina magazini ya kusahau, na ukifungua silinda unaona kwa macho yako kama imejaa au ni tupu. Kwenye bastola ya magazini, watu wameua ndugu zao kwa sababu walichomoa magazini wakaamini silaha ni tupu, kumbe risasi moja ilibaki ndani ya chemba. Ubaya wa rivolva ni kifyatulio chake kizito, kinachohitaji kidole chenye nguvu na mazoezi, na risasi ni chache.

Sasa jaribu kuficha. Sironga ni ya nyanda za juu, kwenye mashamba ya majani chai, na hewa yake ya baridi inaruhusu koti karibu mwaka mzima. Hiyo ni faida ambayo mtu wa Mombasa mwenye shati jepesi hana. Lakini ingia kwenye Probox ya kwenda Kisii, ile inayosemekana ni ya watu watano huku mmejibana tisa, halafu uketi kiti cha nyuma na chuma kimelala nyongani. Kitako cha bastola kinamchoma mama aliye kando yako kwenye mbavu. Ukiinua mkono kumpitishia kondakta nauli, koti linapanda na ala inachungulia. Mama yule akishaona, siri imekwisha: kufika Kisii mjini gari zima litajua. Ndiyo maana wakufunzi husema uchague ala na mshipi kwa umakini uleule unaochagulia bastola. Ala nzuri hufunika kifyatulio chote, haitetereki, na haiachii silaha mpaka uivute mwenyewe.

Asiyeamini amuulize Plaxico Burress. Mchezaji huyo wa mpira wa Kimarekani alikuwa ndiye aliyedaka pasi ya ushindi katika fainali ya Super Bowl mapema mwaka 2008. Novemba mwaka huohuo aliingia klabu ya usiku mjini New York na Glock iliyochomekwa kiunoni bila ala. Ikaanza kuteleza ndani ya suruali, akaidaka, ikafyatuka, risasi ikampiga pajani. Kwa kuwa hakuwa na leseni ya New York, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mvua zetu za nyanda za juu ni jambo jingine. Ala ya ngozi hunyonya unyevu na jasho, na bastola ikilazwa humo wiki nzima hula kutu upande uliogusana na ngozi. Nyumbani ikae sefuni, kavu na iliyopakwa mafuta, wala si ndani ya ala chini ya mto. Watoto hujua kilichoko chini ya mto kabla ya mama yao kujua.

Je, wajua kwamba sheria inayofanana na yetu imefutwa na mahakama huko Marekani? New York ilikuwa na sheria ya mwaka 1911 iliyotumika kudai sababu maalumu kwa anayetaka kubeba bastola iliyofichwa. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema dai hilo linavunja haki ya kikatiba. Katiba ya Kenya ya 2010 haina haki ya namna hiyo; hapa bunduki ni ruhusa, na ruhusa huondolewa. Uingereza, ambako tulirithi mengi ya sheria zetu, imekwenda upande wa pili kabisa: baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao huko Dunblane, Scotland, Machi 1996, bastola za raia zilipigwa marufuku karibu zote.

Hilo la Marekani linawagusa watu wa hapa kuliko wanavyodhani, kwa sababu Abagusii wengi wako Minnesota, hasa vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park. Mwana wa Sironga aliyeko kule na kadi yake ya kijani anaweza kuhudhuria kozi, akapeleka maombi kwa sherifu wa kaunti yake, na sheria ikamlazimu sherifu kujibu ndani ya siku 30. Haulizwi sababu. Kibali ni cha mtu, hakifungwi kwenye bastola moja, na hudumu miaka mitano. Kibali hicho hakina thamani yoyote kikishuka JKIA. Ndugu yangu wa Brooklyn Park, ukija mazishini au harusini, mguu wa kuku wako uache huko huko.

Je, bastola ya raia imewahi kufaa? Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, miongoni mwa walioingia ndani mapema kuokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni wakishirikiana na polisi waliovaa kiraia. Mmoja wao, Abdul Haji, picha yake ilizunguka dunia nzima, na baadaye akawa Seneta wa Garissa. Watu 67 waliuawa siku zile. Lakini bastola ya leseni imejeruhi pia mahali ambapo hakuna gaidi aliyekuwapo, na klabu za usiku za Nairobi zina kumbukumbu zake. Ukipima hayo mawili kwa haki, unaona kwamba baadhi ya wale wa Westgate walikuwa wamefanya mazoezi kwa muda mrefu kabla ya siku ile.

Muda mrefu kabla ya Westgate, nchi hii ya Gusii ilikutana na bunduki kwa uchungu. Mwaka 1905 askari wa King's African Rifles waliwakabili watu wenye mikuki kwa bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na maneno ya nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya G.A.S. Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikali kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alihoji kutoka London kama mauaji ya ukubwa ule yalikuwa ya lazima. Otenyo aliuawa. Nyarigoti alipanda cheo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937.

Leo Kenya inatengeneza risasi zake Eldoret tangu miaka ya 1990, na Aprili 2021 ilifungua kiwanda cha kuunganisha bunduki huko Ruiru. Silaha haramu nazo huchomwa moto: Novemba 2016, Ngong, ziliteketezwa 5,250 kwa mkupuo mmoja. Hata bonoko, ile bastola bandia ya kuchongwa, haikuokoi. Ukiitumia kutenda uhalifu, sheria ya silaha inakuhesabu kama umebeba silaha.

Wapo ambao bastola yao ya kwanza hawakuichagua kabisa. Waliikuta kwenye sanduku la marehemu, imefungwa kwa kitambaa, na risasi zake zimegeuka rangi. Cheti kilikuwa na jina la baba na hakirithiwi pamoja na shamba. Kama iko nyumbani kwako, usiguse kifyatulio chake, usiwaonyeshe vijana. Mwite chifu au polisi leo, waichukue, na udai risiti.