Virusi Vimefubaa, Moyo Je?

Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) bila malipo mwaka 2004, na matunda yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wanaotumia dawa hizo, asilimia 94 virusi vyao vimefubazwa. Utafiti huohuo uliikuta Kigoma na maambukizi ya asilimia 1.7 tu, wakati Njombe ilikuwa na 12.7. Mtu anaweza kusema basi kata ya Gungu, mjini Kigoma, haina haja ya kuhangaikia afya ya akili ya watu wanaoishi na VVU (WAVIU), kwa kuwa ni wachache. Mimi naamini uchache huo ndio sababu ya kuhangaika. Penye wengi, mtu hupata mwenzake wa kumfungulia moyo. Penye wachache, kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na kutoa siri ya mgonjwa, lakini haiwezi kumwondolea mpangaji hofu ya kuonwa na jirani akimeza kidonge. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga, kwenye Ziwa Tanganyika, anayehama mwalo hadi mwalo, huweza kukaa mbali na mtu pekee anayeijua hali yake. Hofu na upweke vikidumu huzaa sonona, na sonona huharibu tiba. Mwaka 2012, daktari wa Uganda Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walijumlisha tafiti za Afrika kusini mwa Sahara: takriban asilimia 31 ya WAVIU walikuwa na dalili za sonona, na uwezekano wa wenye dalili hizo kufuata dawa ipasavyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko wa wasio nazo. Dawa ikirukwa, virusi huongezeka na huweza kuwa sugu. Kwa hiyo anayeuacha moyo bila tiba anaihatarisha hata ile ARV iliyogharimiwa.

Wapo watakaosema madaktari wa akili hawatoshi. Ni kweli, ila kazi hii haiwangojei wao. Kaskazini mwa Uganda, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii walifundishwa kuongoza vikundi vya WAVIU wenye sonona, ambamo watu walizungumza machungu yao na kujifunza pia shughuli za kipato. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, karibu wote walikuwa wamepona sonona, wakati katika vikundi vilivyopewa elimu ya VVU pekee zaidi ya robo bado walikuwa nayo. Hapo wanaodai kwamba shida ni umaskini tu nao wamejibiwa: kipato na faraja vilikwenda pamoja.

Wengine watasema familia, msikiti na kanisa vinatosha. Vinasaidia sana, lakini humsaidia aliyekwisha kusema. Aliyeficha bado anahitaji mtu wa kumwanzia. Ndiyo maana kila kliniki ya tiba na matunzo inapaswa kuuliza habari za usingizi, huzuni na mawazo ya kujiua kila mgonjwa anapofuata dawa, na kumpeleka aliyezidiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. WAVIU wazoefu wafundishwe ushauri na walipwe, na wavuvi wapangiwe kliniki siku za mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu. Hatua hizi hazihitaji jengo jipya. Zinahitaji uamuzi kwamba moyo wa mgonjwa ni sehemu ya tiba yake.