Mkrismasi Wangu wa Hagadera

Mbegu nilizitoa Garissa mjini, ndani ya ganda jeusi refu kama mkono wangu. Asili ya mti huu ni Madagaska. Wengi huuita mkrismasi kwa sababu Desemba huwaka maua mekundu.

Mbegu zake ni ngumu kama kokoto. Nilikwaruza kila moja kwenye jiwe, nikaziloweka usiku kucha katika maji ya moto niliyoyaacha yapoe. Zilizovimba asubuhi ndizo nilizopanda, katika mifuko ya maziwa niliyoitoboa chini.

Hapa Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, adui wa mche si jua. Ni mbuzi! Niliuzungushia matawi ya miiba, tabaka mbili. Niliunywesha maji ya suuzo la mwisho la nguo, yasiyo na sabuni nyingi. Na usiupande karibu na ukuta wala choo: mizizi yake hutambaa juujuu na huweza kuinua hata sakafu. Mimi nilipima hatua kumi.

Kiangazi ulipukutika majani yote. Jirani akanisihi niukate uwe kuni, nikakataa. Mwaka wa sita, mvua za vuli ziliponyesha, ukachanua: kila ua petali nne nyekundu, na ya tano nyeupe yenye michirizi.

Hooyo, yaani mama yangu, mfugaji tangu utotoni, aliutazama sana. Akasema unafanana na lebi, mti wa maua meupe wa nyika yetu. Ni kweli, hiyo ni miti ya ukoo mmoja. Sasa natafuta mbegu za lebi.